Kusomea Udaktari Ukubwani

Watu wakijua kwamba nilianza mwaka wa kwanza wa udaktari nikiwa nimevuka miaka thelathini na tano, swali lao la kwanza huwa ni la kichwa: kilikuwa bado kinashika? Kilishika. Kilihitaji kurudia mara nyingi kuliko vichwa vya vijana niliosoma nao, lakini kilishika. Swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza ni nani aliyelisha watoto wangu miaka ile. Nalitanguliza hapa kwa sababu walimu, wauguzi, wahasibu na maofisa kilimo wanaonipigia simu kutaka ushauri wote huanza na akili, na kwangu akili ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote.

Wengi wao huja na hesabu waliyopewa na rafiki wa kuwafariji: "Utafikisha miaka arobaini na mbili hata usiposoma, basi bora uifikishe ukiwa daktari." Ni hesabu tamu, ila imekokotolewa kwa mtu mmoja. Imehesabu miaka ya anayesoma, ikaisahau ya mume au mke, ya watoto, ya wazazi waliozeeka na ya mdogo wako aliyetegemea umsomeshe. Katika nyumba zetu, mtu mzima akirudi shule, ukoo mzima unakuwa umejisajili naye. Hilo ndilo nililojifunza kuliko anatomia na famakolojia.

Nilikuwa ofisa uvuvi. Nilisomea uvuvi Nyegezi, pembeni mwa jiji la Mwanza, nikapangiwa kazi Ukerewe. Wavuvi walituita mabwana samaki, hata sisi wanawake. Nilipima sangara mwaloni, ufukweni wanaposhushwa samaki, kwa kuwa asiyefika sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa; nilikagua matundu ya nyavu, nikakamata makokoro, nyavu haramu za kukokota, nikaandika takwimu za samaki walioshushwa. Boti yetu ya doria ilipochomoza, wenye nyavu haramu walikimbilia vichakani. Wasio na kosa nao walikimbia, maana hakuna aliyependa kubaki ajieleze.

Boti hiyohiyo ndiyo iliyokuwa na injini yenye nguvu kuliko zote upande ule wa kisiwa. Kwa hiyo waliotukimbia mchana walitugongea mlango usiku. Mjamzito yuko kwenye uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Mtoto ana degedege. Mvuvi anatapika damu. Tulichukua petroli ya doria, tukatandika godoro ndani ya boti, tukaelekea Nansio hospitalini. Wengine walifika wazima, wengine hawakufika. Kazi yangu katika safari zile ilikuwa kushika tochi. Nilijua samaki anavyopumua kwa matamvua yake, na mbele yangu alikuwa binadamu anayeshindwa kupumua. Hamu ya udaktari ilianzia pale, na ilikuwa hasira zaidi kuliko ndoto.

Cheti changu cha kidato cha sita kilikuwa cha PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, masomo ambayo shahada ya udaktari inayadai. Biolojia na Kemia hazikuwa na tatizo. Alama ndogo ya Fizikia ndiyo iliyokuwa imenipeleka kwenye uvuvi. Njia iliyobaki ilikuwa kurisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilihamia Mwanza mjini kwa likizo, nikajiandikisha tuisheni kwenye darasa la mabenchi lililojaa vijana wa miaka kumi na tisa. Nilipoingia mara ya kwanza walisimama wote: "Shikamoo madam!" Walidhani nimekuja kufundisha. Nilipokwenda kukaa benchi la nyuma na kutoa daftari, walicheka, nami nikacheka nao. Mmoja wao ndiye aliyenieleza mwendo wa duara na sumaku-umeme mpaka vikaingia. Malipo yake yalikuwa chipsi mayai.

Matokeo yalipotoka vizuri, ikaja hesabu ya fedha. Miongozo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilimtaka mwombaji asizidi miaka 35, nami nilikuwa nimeshavuka. Vijana wengi niliosoma nao walikuwa na matumaini ya kulipiwa ada na kupata bumu la chakula na malazi. Mimi ningejilipia kila shilingi. Mwajiri naye halazimiki kumgharimia mtumishi masomo ya fani nyingine, kwa hiyo niliacha kazi, na mshahara ukakoma.

Kikao cha nyumbani kilichukua jioni nyingi. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alichukua karatasi, akaandika mshahara wake upande mmoja na ada upande wa pili, akasema, "Haviendani. Lakini tutafute." Tuliuza kiwanja tulichokuwa tukikitunza Kisesa kwa ajili ya kujenga. Wifi yangu alishika biashara ndogo ya dagaa niliyokuwa nimeianzisha Kirumba Mwaloni, soko ambalo dagaa wake huvuka mipaka mpaka Kongo na Burundi. Faida yake ndiyo iliyonunua unga, sare za watoto na, mara nyingi, vitabu vyangu. Mama mkwe alihamia kwetu. Hakuwahi kukaa darasani, na mwanzoni aliuliza swali ambalo wasomi hawakuthubutu kuniuliza: "Mkwe, ukishindwa katikati, kiwanja kitarudi?" Nilimjibu kwamba hakitarudi. Akasema basi nisome kama mtu aliyeuza kiwanja. Sijapata ushauri wa masomo uliozidi huo.

Wapo walioniambia kwamba chuo kikuu ni cha watoto. Historia ya ziwa letu inasema vingine. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, liliagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita apitie Jeshi la Kujenga Taifa na afanye kazi kwanza, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya kazini kwake na ya chama. Mwalimu Nyerere na wenzake waliamini kwamba mtu aliyewahi kufanya kazi na watu atajua anasoma kwa ajili ya nani. Sharti hilo lililegezwa hatua kwa hatua na baadaye likaachwa. Waliotangulia kuondolewa sharti hilo ni wasichana, baada ya idadi yao chuoni kushuka: kusubiri kulimaanisha kuolewa, na kuolewa kulimaanisha kubaki nyumbani. Azimio liliona sawasawa faida ya kukomaa kabla ya kusoma. Ambacho halikukiwekea bajeti ni nyumba inayomsubiri aliyekomaa.

Nilisoma katika kilima cha Bugando. Hospitali ya rufaa iliyo pale juu ilifunguliwa 1971, na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa hupandishwa kilima kile wakitokea Mara, Kagera, Geita, Simiyu na Shinyanga. Chuo cha udaktari kilichoungana nayo kilianza 2003 kikiwa na wanafunzi 10 tu wa udaktari. Leo ni chuo kikuu kamili cha afya cha Kanisa Katoliki, CUHAS, na madarasa yake yamejaa. Nilikuta sikuwa mtu mzima peke yangu. Walikuwapo watabibu waliokwisha kufanya kazi miaka mingi kwenye zahanati na vituo vya afya, watu waliozalisha, walioshona majeraha, waliotibu malaria kali kwa mwanga wa simu.

Hao ndio mfano halisi wa udaktari wa ukubwani katika nchi hii. Kwa miongo mingi Tanzania iliwapandisha ngazi watabibu wenye uzoefu wakawa madaktari wasaidizi, na ndio waliobeba hospitali za wilaya. Utafiti uliofanyika mikoa ya Mwanza na Kigoma na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi katika hospitali za wilaya ilifanywa na madaktari wasaidizi, na matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari wenye shahada. Mikono ile iliyorudi kufunzwa ukubwani iliokoa akina mama wengi kabla ya mtu yeyote kujadili kama kichwa cha mtu mzima kinashika.

Miaka miwili ya kwanza ni ya kumeza. Mishipa, neva, misuli, vimeng'enya, kila kimoja na jina lake la kigeni. Kijana husoma usiku wa kuamkia mtihani akafaulu. Mimi nilipojaribu hivyo, asubuhi nilikuta ukurasa mtupu kichwani. Nikaanza kuamka saa kumi alfajiri, kabla nyumba haijaamka, nikisoma kidogo kila siku na kukirudia cha jana kabla ya kufungua kipya. Nilimfundisha mume wangu mzunguko wa damu huku akisahihisha madaftari. Alipoweza kunieleza yeye, nilijua nimeelewa. Kusapu somo, yaani kurudia mtihani uliofeli, ni jambo la kawaida pale, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni hofu ya kila mmoja. Tofauti ni kwamba kijana akidisko anarudi kwa wazazi, na mimi ningerudi kwa watu waliouza kiwanja.

Lililo gumu zaidi kwa mtu mzima ni kuelekezwa na mdogo. Vijana waliniita Mama, na kwa heshima hiyo hiyo wangeniacha nibaki nyuma, maana hakuna aliyetaka kumkosoa mama yake mbele za watu. Ilibidi niwaambie wazi katika kundi letu la kujisomea: "Humu ndani nikikosea nisahihisheni, shikamoo mtanipa nje." Walifurahi, na tangu siku hiyo hawakunihurumia. Raundi za wodi zilipoanza, daktari aliyenihoji mbele ya kitanda cha mgonjwa wakati mwingine alikuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliowaona wakishindwa miongoni mwa wakubwa wenzangu, wengi hawakushindwa na masomo. Walishindwa kusema "sijui, nieleze" mbele ya mtu wa rika la mtoto wao.

Mwaka wa tatu tulipoingia wodini, uzoefu wa mwaloni ukaanza kulipa. Nilimkuta mvuvi anatapika damu, kama wale niliowabeba kwa boti ya doria. Kisiwani tuliambiwa wamerogwa, na wengine walipelekwa kwa mganga kwanza. Sasa nilielezwa njia nzima. Vijidudu vya kichocho hukua ndani ya konokono wa majini, hutoka na kuogelea kwenye maji ya kina kifupi penye majani, hupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayesukuma mtumbwi. Ndani ya mwili minyoo huishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yake husombwa hadi kwenye ini. Ini huyazungushia makovu, mishipa inayopeleka damu kwenye ini inabanwa, damu inatafuta njia nyingine, na mishipa ya koo la chakula inavimba mpaka siku moja inapasuka. Yote hayo yanaanzia kwenye maji niliyosimama ndani yake nikipima sangara, na dawa ya kuyazuia, praziquantel, ni vidonge ambavyo mtu anaweza kuvimeza kwa siku moja. Niliwakumbuka waliokufa njiani kwenda Nansio, nikaelewa kwamba kushika tochi kulikuja miaka kumi baada ya wakati wa kuwatibu.

Uzoefu ule ulinipa na kitu kingine: nilijua watu wanavyomficha mtumishi wa serikali. Mwanafunzi kijana akiwa na koti jeupe humuuliza mgonjwa, "Umetumia dawa za kienyeji?" Jibu huwa "hapana," na anaandika hapana. Nilikuwa nimesikia hapana za namna hiyo maisha yangu yote ya kazi: hapana, hili kokoro si langu, hapana, samaki hawa si wa leo. Kwa hiyo niliuliza kwa kuzunguka: "Kabla ya kuja huku kwetu, pale nyumbani walikusaidiaje?" Hapo zilitoka habari za magome yaliyochemshwa, chale na jina la mganga, na mara nyingine ndizo zilizoeleza kwa nini figo zimegoma.

Vilevile nilijua kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti, na wavuvi hupumzika au hurudi makwao. Ukimwambia mvuvi arudi kliniki baada ya wiki mbili na tarehe ikaangukia giza, hatakuja, kisha ataandikwa kwamba ni mtoro wa dawa. Mimi hupanga tarehe kwa mbalamwezi. Sikufundishwa hilo katika muhadhara wowote, na wavuvi wanaotumia dawa za kupunguza makali ya VVU wamenishukuru kwalo kuliko kwa jambo jingine.

Hapa ndipo ninapomkumbuka Mwingereza Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi, kisha ofisa ustawi wa jamii hospitalini, na alianza kusomea udaktari 1951 akiwa na miaka 33. Daktari mmoja wa upasuaji alikuwa amemwambia kwamba wanaowatelekeza wanaokufa ni madaktari, kwa hiyo akitaka kuwasaidia akasomee udaktari. Aliingia darasani na swali moja: maumivu ya mtu anayekaribia kufa yatulizweje? Mwaka 1967 alifungua St Christopher's jijini London, na huduma shufaa ya kisasa ikaanzia pale. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman aliianzisha Kampala kupitia Hospice Africa Uganda, akitumia mofini ya maji ya kunywa ambayo maskini anaweza kuimudu nyumbani kwake. Saunders asingeuliza swali lile kama angeanza udaktari akiwa na miaka kumi na tisa. Anayekuja ukubwani aje na swali lililomtesa kazini. Anayekuja kwa sababu amechoka na bosi wake, au kwa sababu daktari huheshimiwa harusini, ajue miaka mitano ni mirefu mno kwa sababu hiyo.

Na gharama sitaificha. Kwenye michango ya harusi jina langu lilitoweka, na wapo waliosema nimejitenga. Shangazi yangu alizikwa siku ya mtihani wa wodini; sikwenda, na baadhi ya ndugu hawajanisamehe hadi leo. Binti yetu mdogo alijifunza kusoma kwa bibi yake na baba yake. Mimi nilimkuta anajua. Wifi alichelewesha mipango yake mwenyewe ili soko lisife. Nilipovaa joho la mahafali, nililivua mara baada ya picha nikamvisha yeye, akapigwa picha pia, na picha yake ndiyo iliyoko ukutani sebuleni.

Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo kabla ya leseni kamili. Kisha kuna ajira, na hapa vijana wenye nguvu pia husubiri. Matangazo ya ajira za serikali humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari kwenye utumishi wa umma. Anayeanza na miaka 38 akikwama mwaka mmoja tu, anamaliza akiwa ukingoni mwa kikomo hicho. Nawaambia wanaonipigia simu waandike hesabu hiyo kwenye karatasi kama alivyofanya mume wangu: mwaka wa kuanza, miaka 5, mwaka 1, mwaka mmoja zaidi ukikwama, 45, na 60 ya kustaafu. Kisha waandike nani atalipa ada, nani atapika, nani atakwenda misibani kwa niaba yao, na majina hayo yawe ya watu waliokubali kwa vinywa vyao.

Leo nafanya kazi katika hospitali moja ya wilaya ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na mgonjwa tunayempa rufaa kwenda Bugando hasubiri tena kivuko. Lakini visiwani ziwa bado ni lilelile, na usiku bado mtu anagonga mlango wa mwenye injini. Huko ndiko kunakohitajika madaktari wanaojua mwalo, na wanaoujua wengi wao tayari ni watu wazima: watabibu, wauguzi, walimu wa sayansi, mabwana samaki.

Ombi langu kwa wanaoandika miongozo ya mikopo ni moja. Mtu aliyevuka miaka 35, mwenye alama zinazotakiwa na aliye tayari kutia saini kwamba atafanya kazi visiwani kwa miaka mitano baada ya leseni, apewe mkopo kama kijana. Nchi iliyowahi kuagiza kila mwanafunzi wa chuo kikuu afanye kazi kwanza haina sababu ya kumfungia mlango aliyefanya hivyo bila kuagizwa.